Alama Moja, Viapo Viwili

Koboko, Jumapili, 5 Oktoba 2025

Fundi Alionzi,

Salamu nimezifupisha ili karatasi itoshe ugomvi. Nyumbani ni wazima. Wewe nasikia bodaboda ilikulaza mtaroni na mguu umefungwa plasta. Pole sana. Usingekuwa umelala, ningekuita uje mwenyewe, lakini sasa itabidi uone kwa macho ya wengine.

Simu nimeiacha makusudi. Laini ni ya biashara, yangu na ya Hakimu, na ujumbe wa sauti katika nyumba hii husikilizwa na wateja wote, kisha wakatoa maoni. Barua atakuletea Ocama, dereva wa gari la Arua, ambaye kusoma anajua ila ni mvivu.

Mashine yetu ya kusaga, ile uliyoichomelea kitanda cha chuma ukakiweka juu ya vipande vya tairi, inacheza. Asubuhi zamu ni yangu, na asubuhi watu huleta muhogo mkavu tu. Nawasha, napandisha mkono wa mafuta polepole mpaka kwenye alama nyekundu, ule mwendo wa muhogo, na hapo inacheza. Nyuma ya ukuta ni chumba cha mama yetu, Hajjati Zuhurah. Ufa umetoka pembeni mwa dirisha, umetembea, sasa uko juu ya mto wake. Nimemwomba ahame. Anasema chumba kile aliingia bibi harusi na atatoka akiwa amebebwa.

Mchana zamu ni ya mdogo wangu Hakimu. Nimemwambia tufunge mashine mpaka mguu wako upone. Anasema natafuta sababu. Mwandikie umweleze. Anakuheshimu, sijui kwa nini.

Medina


Koboko, siku hiyohiyo

Ndugu yangu fundi,

Ocama amenionyesha bahasha ya dada akaniuliza kama na mimi nina neno. Ninalo. Yeye ni mkubwa wangu, sitabishana naye kwenye karatasi, ila nitasema jambo moja ulisikie kutoka kwangu.

Kwenye alama nyekundu, mashine inacheza. Mchana kutwa nasimama hapo, muhogo unatoka laini kama poda ya mtoto, mashine inacheza tu. Wateja ni mashahidi.

Dada anataka tufunge. Anaufahamu mji huu kuliko mimi: mteja wa Koboko akishakaa kwenye benchi la mtu mwingine, amekwisha kuolewa huko. Halafu jana, mbele ya watu, aliniita mwongo. Mimi nina watoto wanaosikia.

Ugua pole.

Hakimu


Mvara, Arua, 7 Oktoba

Medina na Hakimu,

Mguu uko juu ya kiti na mimi niko chini ya mguu. Kazi yangu siku hizi ni kutazama dari na kuhesabiwa makosa na mke wangu Eyotaru, kwa hiyo barua zenu zimekuja kama sikukuu.

Nimesoma ya Medina. Nimesoma ya Hakimu. Kisha nimezilaza pamoja nikazisoma mstari kwa mstari. Medina anasema kwenye alama nyekundu mashine inacheza. Hakimu anasema kwenye alama nyekundu mashine inacheza. Nimetafuta ugomvi mpaka ndani ya bahasha, sikuuona. Watu wengi wamegombana kwa kutofautiana. Nyinyi ni wa kwanza ninaowajua kugombana kwa kukubaliana.

Kama inacheza, basi icheze. Ufa usiwatishe. Ardhi ya huko ikinywa mvua hujinyoosha, na ukuta hauna budi kuifuata.

Alionzi


Koboko, 9 Oktoba

Fundi,

Bodaboda ilikugonga mguu au kichwa?

Mimi nikisema inacheza, nasema inatikisika! Inaruka, boliti zinalia, beseni linatembea lenyewe mpaka mlangoni. Hakimu akisema inacheza, anasema inafanya kazi, kama redio. Kiswahili chake alikiokota Vurra mpakani kwa madereva wa malori, na kwao kila kitu kinacheza: redio inacheza, simu inacheza, hata ofisi ya forodha siku ikifunguliwa mapema inacheza. Yeye anasema mashine imetulia. Mimi nasema inaniangushia nyumba. Umeona ugomvi sasa?

Ungeuona mapema ungetusaidia. Barua yako Hakimu aliisoma kwa sauti kwenye foleni, watu wakacheka, nami nilikasirika nikamwita mwongo mara ya pili. Naye akasema, "Dada, mwongo ni yule anayetikisika." Mama mmoja aliyekuwa na beseni lake kichwani akasema, "Mwenye iko na ukweli, aape." Alisema akitania. Lakini neno la namna hiyo likishatoka mbele ya watu, haliingii tena mdomoni.

Sheikh Fadhul amekubali. Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya swala, atakuja uwanjani kwetu na msahafu. Mimi nitaapa kwamba kwenye alama nyekundu mashine inatikisika. Hakimu ataapa kwamba imetulia.

Wewe si Mwislamu lakini umekua katikati yetu, unajua uzito wake. Watu wawili hawaapi maneno yanayopingana wakaondoka wote safi. Baba yetu aliapa dhidi ya dada yake juu ya mpaka wa shamba. Walikufa milango ikitazamana, na hakuna aliyekwenda kwenye maziko ya mwenzake, maana shangazi ndiye aliyetangulia kufa, na baba alifunga dirisha.

Sitaki kumpoteza Hakimu. Lakini siwezi kuapa kwamba sioni ninachokiona. Niambie nani anadanganya, yeye au macho yangu.

Medina


Mvara, 10 Oktoba

Medina,

Nimekemewa, nimekubali. Sasa nisikilize, maana hili la mitikisiko ndilo somo pekee nililojifundisha nikafaulu, kwa kuwa hapakuwa na mtihani.

Nililianzia Vurra, miaka ile nilipokuwa nachomelea bodi za malori yaliyokuwa yakingoja kuvuka kwenda Aru, upande wa Kongo. Lori likinguruma pale pale, kioo chake cha pembeni hutetemeka mpaka huwezi kujiona. Dereva akikanyaga mafuta kidogo, kioo kinatulia, kinaanza kutetemeka kifuniko cha tangi. Nilikaa natazama vioo mpaka watu wakadhani najipenda. Nilichoondoka nacho ni hiki: kila kitu kina mwendo wake kinaoupenda. Ukikipata mwendo huo, kinaruka. Ukiupita, kinatulia. Na mwendo mmoja huleta mtikisiko mmoja, leo na kesho, asubuhi na mchana.

Kwa hiyo, kama kwenye alama ile ile wewe unaona hivi na yeye anaona vile, alama si ile ile. Kuna aliyeihamisha. Simtaji mtu. Nakumbuka tu kwamba kopo la rangi nyekundu nililiacha kwa Hakimu.

Alionzi


Koboko, 13 Oktoba

Fundi Alionzi,

Dada amenionyesha barua yako. Safari hii haikusomwa kwa sauti. Afadhali ingesomwa.

Nilichukua kisu nikakwangua rangi yote mbele yake. Chini yake ipo ile alama ya tindo, uliyoipiga wewe mwenyewe siku ya kufunga mashine. Rangi na tindo vilikuwa mahali pamoja. Dada akasema, "Basi umelegeza kitu kingine." Nikamwambia aje mchana aone. Hataki. Anasema akija kutazama, watu watasema ameanza kujitilia shaka kabla ya Ijumaa. Mchana ukifika anakwenda sokoni hata kama hakuna cha kununua. Na mimi, nisijifanye malaika, asubuhi yake sijakanyaga. Hasira ni moja, tumegawana.

Ninavyofanya hakuna siri. Nawasha, nafungulia mafuta mpaka mwisho, kwa sababu naanza na mahindi ya wenye hoteli. Ikipanda inaruka kidogo, kama mzee anayeinuka, halafu inatulia. Mahindi yakiisha narudisha mkono wa mafuta mpaka kwenye alama, naanza muhogo. Ukitaka weka glasi ya chai juu ya injini, haitamwagika.

Ijumaa nitaapa. Mashine unaweza kuichukua ukauze chuma. Naapa kwa ajili ya jina langu, ambalo hata wewe umelitia rangi.

Hakimu


Mvara, 15 Oktoba

Medina na Hakimu, wote wawili, msome pamoja, na kama hamkai benchi moja basi Ocama awasomee, uvivu wake aumeze,

Msiape!

Tangu barua ya Hakimu ifike sijakaa. Kwa mtu mwenye mguu wa plasta hilo si jambo dogo. Ni neno moja lililoninyima utulivu: "narudisha." Medina anapanda mpaka kwenye alama. Hakimu anashuka mpaka kwenye alama. Nilikuwa nimelisoma mara kadhaa likinipita kama mbuzi mlangoni.

Nilimwambia Eyotaru anisaidie kusogeza injini ndogo ya pampu ya maji juu ya benchi, na chini ya benchi nikaweka vipande vya tairi, ndugu wa vile vya kwenu. Akasema, "Mguu umevunja, sasa unataka na benchi." Lakini alishika mkono wa mafuta, na mimi nikashika ubao wa benchi.

Akapandisha polepole. Benchi likaanza kutetemeka, likazidi, likazidi, mpaka vikombe vikashuka kutoka rafu vyenyewe. Akaendelea kupandisha. Mara moja, kama mtu aliyekatwa maneno, kimya. Nikamwambia ashushe. Akafika pale vikombe viliposhuka: kimya. Akashuka zaidi: kimya bado. Nikaanza kujisikia mjinga. Akashuka kidogo tena, benchi likaruka ghafla likampiga kwenye goti. Aliyoyasema siyaandiki.

Tukarudia mpaka mafuta yakaisha. Hapo katikati pana sehemu ambapo mkono wa mafuta uko mahali pale pale, injini iko mwendo ule ule, na benchi lina tabia mbili. Ukitoka chini, linaruka. Ukitoka juu, limetulia. Mashine inaangalia ulipotoka, Medina, wala haina habari na rangi yetu.

Sababu ni tairi. Springi nzuri ya chuma ukiiongezea mzigo mara mbili, inabonyea mara mbili. Ni mtu wa haki. Mpira wa tairi ukiubonyeza kidogo ni mlaini, ukiubonyeza sana unakuwa mgumu kama kwato. Na kitu kilicho juu ya kigumu hupenda mwendo wa kasi kuliko kilicho juu ya kilaini. Kwa hiyo Medina akipandisha, mashine inaanza kuruka, kuruka kunaubana mpira, mpira unakuwa mgumu, na ule mwendo unaopendwa unasogea mbele. Yeye anaongeza mafuta, mtikisiko unamfuata. Anaongeza, unamfuata, mpaka alama nyekundu na kuipita. Hakimu anatoka juu, mashine imetulia, mpira haujabanwa, bado ni mlaini. Anafika kwenye alama na hakuna kinachomngoja pale.

Niliwaandikia kwamba mwendo mmoja huleta mtikisiko mmoja. Vioo vya Vurra vilinifundisha hivyo, na vioo havikai juu ya tairi. Hakimu, rangi niliyokutia naifuta kwa mkono huu.

Kama Sheikh haamini maneno, mashine ionyeshe yenyewe. Medina apandishe. Kisha Hakimu ashushe. Kisha mbadilishane. Lakini tahadhari: ikiwa imetulia kwenye alama, utulivu ule ni wa mtu aliyelala usingizi mwepesi. Mtu asiigonge. Pigo moja zito na inaweza kuamka, ikaruka bila mkono wa mafuta kusogezwa. Na Hajjati atoke chumbani kwanza, hata kama ni kwa uongo.

Ocama anangoja nje hajazima gari. Nisameheni mwandiko.

Alionzi


Koboko, Jumamosi, 18 Oktoba

Fundi Alionzi,

Barua ilifika jana mkeka umekwisha kutandikwa. Ocama alipata tope njiani, akaingia uwanjani na viatu mkononi, watu wakadhani naye amekuja kuapa.

Nilimpa Sheikh Fadhul asome. Alisoma mpaka kwenye kwato akauliza, "Huyu fundi ni mzima?" Nikasema mguu tu. Akasema basi tuione mashine kabla ya msahafu.

Mama hatukuhitaji kumdanganya. Alikuwa ametoka mwenyewe, ameketi kwenye benchi la wateja. Alisema amekuja kuona atamzika mtoto yupi akiwa hai.

Nikapandisha kutoka chini. Kwenye alama, iliruka kama kawaida yake, watu wa mbele wakarudi nyuma. Nikamtazama Hakimu. Alikuwa ameshika kichwa. Hajawahi kuiona hivyo. Akaja yeye, akafungulia mpaka mwisho, ikapiga kelele ikanyamaza, akashusha mpaka kwenye alama. Fundi, ilitulia. Sheikh aliweka kiganja chake juu ya chuma akakiacha hapo muda mrefu. Kisha akasema nibadilishane na Hakimu. Nikapanda juu kwa mkono wangu, nikashusha kwa mkono wangu, nikafika kwenye alama yangu ya kila asubuhi. Kimya. Nilijisikia kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta fanicha imegeuzwa.

Ile tahadhari yako ya mwisho hatukuwa tumewasomea watu. Mwanamume mmoja alikuwa amekuja kusaga tu, mambo ya viapo hayamhusu, amechoka kungoja. Akalitupa gunia lake la muhogo juu ya kitanda cha mashine na kusema, "Kama iko nafanya kazi, sasa munangoja nini?" Hakuna aliyegusa mafuta. Mashine iliamka. Iliruka kuliko siku zote, na kabla Hakimu hajazima, plasta ya ukuta wa chumba cha mama ilishuka pande zima, tukasikia ikitua upande wa pili. Tulipofungua mlango, mto haukuonekana.

Mama alitazama, akasema tu, "Kumbe."

Mashine imefungwa. Njoo ukiweza, utoe matairi yako, utuambie kitanda hiki kikae juu ya nini na mbali gani na ukuta. Ocama atakulaza kiti cha nyuma.

Kiapo kiliapwa, mambo yakaisha.

Medina


Mvara, 19 Oktoba

Hakimu,

Nakuandikia wewe kwa sababu dada yako amenieleza kila gunia na kila tope, kisha mwishoni akafunga mlango kwa maneno manne. "Kiapo kiliapwa, mambo yakaisha." Nani aliapa? Aliapa nini? Niliwaambia msiape! Mashine ilikwisha kuwatoa hatiani wote wawili, kulikuwa na haja gani tena?

Eyotaru ameniambia nilale. Nimelala, lakini macho yamekataa. Ukinijibu, nieleze kama mnasemezana.

Alionzi


Koboko, 20 Oktoba

Ndugu fundi,

Hawezi kukuandikia hilo, kwa hiyo naandika mimi.

Baada ya plasta kushuka, Sheikh Fadhul alianza kuufunga msahafu kwenye kitambaa chake. Akasema hakuna kesi, watu waende nyumbani. Wakaanza kuchukua mabeseni. Mimi nilikuwa nimeridhika. Nilikuwa natafuta ufagio.

Dada akasema, "Bado, Sheikh."

Sheikh akamwuliza, "Bado nini, Medina? Umeona mwenyewe."

Akasema, "Mimi nimeona. Lakini mji mzima umemwita ndugu yangu mwongo, na mdomo walioutumia ni wangu. Tukiondoka hivi, watasema mashine ndiyo iliyomwokoa."

Akaenda kutawadha. Tulimngoja. Hata yule wa gunia alivua kofia. Akarudi, akaweka mkono juu ya msahafu, akaniangalia mimi, hakuwaangalia watu, akasema, "Wallahi, kwenye alama nyekundu mashine imetulia."

Yalikuwa maneno yangu, fundi. Ndiyo niliyokuwa nimeyaandaa wiki nzima nikiyasema peke yangu njiani. Aliyaapa yeye.

Nilikuwa nimenawa kwa ajili ya swala, lakini vumbi lilikuwa limenifunika mpaka nyusi, nikaenda kutawadha tena. Nikaweka mkono pale ulipokuwa mkono wake. Nikasema, "Wallahi, kwenye alama nyekundu mashine inatikisika."

Sheikh alitutazama kama mtu aliyeletewa sahani mbili za posho na bakuli moja la mchuzi. Akauliza, "Sasa mimi niwaambie watu nani ameshinda?" Mama akajibu kutoka kwenye benchi, "Waambie unakwenda kula. Umri wako huo na jua hili."

Unauliza kama tunasemezana. Bado kidogo. Dada hajasema pole, na mimi sijui ningejibu nini angesema. Lakini tulikula sinia moja siku ile. Kabla ya chakula nilichukua birika nimmiminie maji anawe, maana mimi ndiye mdogo na kwetu mdogo ndiye humimina. Akaninyang'anya birika.

Nikanyoosha mikono. Akamimina.

Hakimu